Karafuu nne, siku moja: kwa dada wa Moshi aliyeloweka nanasi wiki tatu

Swali: Habari kaka. Nakuandikia kutoka Moshi. Mume wangu anatimiza miaka 40 mwezi ujao, na siku hiyo nataka niwe na kaunta yangu ndogo sebuleni, si makreti ya bia tu. Niliwahi kunywa martini ya matunda kwenye hoteli moja Arusha, bei yake ningepata nyama ya watu sita. Nikasema nitajifunza. Nikamenya nanasi zima kubwa, nikalikatakata, nikalitia kwenye ndoo ndogo ya plastiki, nikamimina mzinga mmoja wa Konyagi, nikaongeza ngumi ya karafuu na vijiti vitano vya mdalasini, nikafunika wiki tatu bila kugusa ili iive vizuri. Imetoka rangi ya kahawia, chungu, halafu inatia ganzi ulimi. Nimekosea wapi, na je, niimwage? Shemeji yangu anasema tatizo ni Konyagi, nitumie gongo safi ya kwao maana ni kali zaidi na bei nafuu. Na ile martini ya pasheni na vanila ninaweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani?

Jibu: Dada yangu, tuanze na hiyo ganzi, maana ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu kwenye daladala. Karafuu ina mafuta yanayoitwa eujenoli, na madaktari wa meno wameyatumia miaka na miaka kutuliza jino. Bibi zetu hawakusubiri daktari: jino likiuma, tafuna karafuu. Ukiitia kwenye pilau, mafuta hayo yanatoka kwa kiasi, kwa sababu maji hayawezi kuyavuta yote. Pombe inayavuta, na haiachi. Ngumi moja ya karafuu ni punje mia mbili na zaidi. Chupa ya mililita 750 inataka punje nne. Nne kwa siku moja, kisha unazitoa. Ulichotengeneza wewe ni dawa ya jino yenye harufu ya nanasi.

Lakini idadi ya karafuu ni nusu tu ya kosa. Nusu nyingine ni kwamba ulichukua vitu vitatu vyenye saa tofauti ukavifungia chumba kimoja. Ni sawa na kutia maharage, samaki na mchicha kwenye sufuria moja kwa wakati mmoja, halafu ukasubiri maharage yaive. Pilipili mbuzi iliyopasuliwa inahesabiwa kwa dakika. Ikifika saa mbili mara nyingi imeshatosha. Majani ya chai yanataka saa moja, yakizidi hapo yanaleta ukakasi unaokausha mdomo kama ndizi mbichi. Rosela nusu siku. Punje za kahawa zilizokaangwa, siku moja. Karafuu na mdalasini ni hivyohivyo, siku moja, mbili ukiwa na kijiti kidogo. Iliki iliyopondwa kidogo ganda likafunguka, mchaichai uliogongwa na mchi, tangawizi iliyokatwa vipande vyembamba: siku mbili mpaka tatu. Maganda ya limau siku tatu au nne. Nanasi siku nne au tano. Vanila peke yake ndiyo haina haraka wala haina hasira. Iache wiki, iache mwezi, haitakugeuka.

Rangi ya kahawia na ule uchungu vimetoka kwenye mdalasini. Kijiti cha mdalasini ni gome la mti, na gome lina tanini, kile kitu kinachofanya chai iliyochemka sana ikwaruze ulimi. Siku ya kwanza pombe inachukua harufu na utamu wake. Kuanzia siku ya tatu inaanza kutafuna mti wenyewe.

Usidhani nakucheka kwa kuwa sijawahi kuyafanya. Mwaka wangu wa pili kaunta, kwenye hoteli moja ya Dar ambayo siitaji, niliambiwa niandae vodka ya pilipili kwa ajili ya harusi. Nikapasua pilipili mbuzi mbili nyekundu, nikazizamisha jioni kwenye lita moja, nikaenda zangu kulala nikiwa na mpango wa kuchuja asubuhi. Saa kumi na nne baadaye meneja alionja kijiko kimoja, akakaa kwenye ngazi za jikoni dakika nzima bila kusema neno, machozi yanamtoka. Mzee mmoja wa kaunta, aliyenifundisha karibu kila kitu ninachojua, hakuniruhusu niimwage. Akachukua ile chupa, akaandika juu yake PILIPILI kwa kalamu nyekundu, na kuanzia siku hiyo tukawa tunachanganya sehemu moja ya ile na sehemu tisa za vodka tupu. Lita moja ikatupa lita kumi. Harusi ilikwenda vizuri tu.

Kwa hiyo swali lako la kumwaga au kutokumwaga nalijibu hivi. Itazame kwanza kwenye mwanga, halafu uinuse. Ukiona utando juu, madoa ya ukungu kwenye vipande vilivyokuwa vinaelea, au ukisikia harufu ya siki, mwaga bila huruma, na usijaribu kuchuja. Kama ni safi, ichuje leo, itie kwenye chupa ya kioo, iweke kwenye friji, na uihesabu kuwa kiungo badala ya kinywaji: kijiko kimoja cha chai kwenye kokteli moja, si zaidi. Utashangaa, kijiko hicho kwenye jin na soda ya tangawizi kinaleta ladha ya Krismasi.

Nasema friji kwa sababu ya hesabu ambayo watu wengi hawaipigi. Konyagi ni asilimia 35 ya alkoholi. Mililita 750 zina mililita 262 hivi za alkoholi tupu, nyingine ni maji. Nanasi nalo karibu lote ni maji, zaidi ya asilimia 85. Ulipotia kilo moja ya nanasi uliongeza mililita 850 za maji ambayo hukuyaona unayamimina. Alkoholi inaingia kwenye tunda, maji yanatoka kwenye tunda, mpaka pande mbili zinalingana, na zikilingana unabaki na kinywaji cha asilimia 16. Hiyo ni nguvu ya divai nzito. Kinywaji cha namna hiyo chenye sukari ya tunda, ndani ya ndoo, kwenye joto, hakina ulinzi wa kutosha. Mimi sipendi kushuka chini ya 20 kwa kitu kitakachokaa nje ya friji. Kwa chupa hiyohiyo ungetia gramu 400 za nanasi ungebaki na 24, na kwa vodka ya asilimia 40 ungebaki na 27. Halafu kipande chochote kinachochungulia juu ya pombe ndicho kinachooza kwanza, kwa hiyo jaza mpaka vizame vyote.

Ndoo ya plastiki pia iache. Pombe inavuta harufu ya chochote inachokaa nacho, na plastiki ina harufu, hasa ikiwa jana ilibeba sabuni ya unga au achari. Chupa ya kioo ya mdomo mpana, ile ya asali au ya jemu, iliyooshwa kwa maji ya moto ikakaushwa, inatosha. Huhitaji kununua chochote cha kigeni.

Sasa shemeji. Mwambie nimemsalimia sana, na gongo yake abaki nayo. Sisemi hivi kwa dharau ya kitu cha kienyeji. Kwenye pombe isiyopimwa na mtu yeyote, methanoli, yaani pombe yenye sumu, haionekani, na pua na ulimi wa mtu mzoefu kuliko wote hauwezi kuitofautisha na pombe ya kawaida. Nyingi ya zinazoua zimeongezewa spiriti ya viwandani na mtu wa katikati, ambaye shemeji wala mpishi wake hawamjui. Mwezi Mei 2014 Kenya ilizika makumi ya watu ndani ya siku chache kwa pombe ya namna hiyo, na waliobaki baadhi walipofuka, kwa sababu mwili unaigeuza methanoli kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Kuloweka nanasi hakuiondoi. Kuchuja kwa mkaa hakuiondoi. Kinachofanyika ni kwamba ladha nzuri inakufanya unywe nyingi zaidi. Na mtu yeyote akinywa kitu cha mashaka, saa kadhaa baadaye akaanza kuona ukungu, kichwa kikagonga na kutapika, hiyo si hangova, ni hospitali muda huohuo.

Halafu kuna sheria. Kuloweka matunda kwenye pombe iliyolipiwa kodi kwa ajili ya wageni wako sebuleni ni upishi tu. Kuchemsha na kukinga mvuke ni jambo lingine, linataka leseni, na sheria yetu ya mwaka 1966 inakiita kinywaji hicho «moshi». Moshi kwa herufi ndogo, dada, si mji wenu. Na ukianza kuuza chupa zako kwa majirani, hapo tena umetoka jikoni umeingia kwenye biashara ya vileo, nayo ina leseni zake.

Unanunua nini basi? Kwa matunda na viungo vikali, Konyagi inafaa kabisa na shemeji amekosea. Ina ladha yake yenyewe, si jin kamili na si vodka, na inakaa vizuri na nanasi, tangawizi, mchaichai na ukwaju. Waganda wanaotumia Waragi wanajua ninachosema. Kwa vitu laini kama vanila, na kwa maganda ya limau, tafuta vodka ya asilimia 40 ya bei ya kati. Mafuta ya maganda yanayeyuka vizuri pombe ikiwa kali, na vanila haitaki mshindani. Vodka ya bei kubwa ni kupoteza hela, kwa sababu unalipia ulaini ambao unakwenda kuufunika. Ya bei ya chini kabisa nayo inachoma koo na tunda halifichi hilo. Nunua duka unalolijua, angalia kizibo hakijachezewa na stempu ya TRA ipo. Tangu viroba vya pombe vipigwe marufuku Machi 2017 watu wengi wamehamia kwenye chupa ndogo, na wajanja wamehamia nazo.

Turudie nanasi lako, mara hii kwa mkono mwepesi. Chagua lililoiva mpaka linanukia ukiwa mlangoni, si lile la kijani unalotegemea sukari ilisaidie. Menya, toa macho yote, kata vipande vya ukubwa wa kiberiti. Pima gramu 400. Kama huna mizani ni karibu nusu ya nanasi la wastani. Tia kwenye chupa, mimina Konyagi 750, funga, tikisa, weka kabatini penye giza. Asubuhi na jioni unatikisa tena. Kuanzia siku ya tatu unaonja, na kuonja kuna namna yake. Chukua kijiko kimoja cha chai cha pombe, ongeza kijiko kimoja cha maji baridi, ndipo uweke mdomoni. Pombe tupu inaunguza ulimi na kukuficha uchungu, maji yanaufunua. Siku ukisema «bado kidogo» chuja kesho yake. Usingoje siku ya kusema «sasa».

Kuchuja anza na chujio la chai kuondoa vipande, kisha pitisha tena kwenye kitambaa safi cha pamba kilichoroweshwa maji na kukamuliwa, ili kisinywe pombe yako. Vile vipande usivitupe: vimebeba sehemu kubwa ya pombe. Vikamue kwa mkono ndani ya kitambaa, taratibu. Utaona kinachotoka ni cheupe cheupe kama maji ya mchele. Hilo ni tunda lenyewe, si ubaya. Iache usiku kucha kwenye friji, itatua, asubuhi unamimina ile angavu ya juu.

Ukitaka tangawizi ndani yake, loweka tangawizi kwenye chupa yake ndogo. Ukitaka mdalasini, chupa yake. Kisha unaoanisha kwenye glasi, kijiko hiki na kijiko kile, mpaka upatane na ulimi wako. Kaunta zote nilizofanyia kazi zinafanya hivyo, na sababu ni rahisi: kilichoingia chupa moja hakitoki tena.

Kuhusu pasheni, hapa nina msimamo mkali na wenzangu wengine hatupatani. Usiloweke pasheni. Usiloweke ndimu wala juisi yoyote yenye uchachu. Chupa ni kwa ajili ya harufu: vanila, maganda, viungo, kahawa, majani. Uchachu ni wa glasi, na uingie siku hiyohiyo. Pasheni iliyokaa pombeni wiki moja inapoteza ule ukali wa kufinya jicho unaoifanya iitwe pasheni, inabaki na harufu ya pipi. Nanasi linavumilia kwa sababu utamu wake ni mzito kuliko uchachu wake, na bado hata lenyewe ninaliongezea ndimu mbichi mwishoni.

Kwa hiyo kinacholowekwa hapo ni vanila. Nunua ganda zima, lile refu jeusi linalojikunja kama mkanda wa ngozi bila kukatika. Likikatika kavu, limezeeka. Vanila inalimwa Kagera na ng'ambo kwa Waganda, huhitaji kuagiza Madagaska. Bei itakutisha kidogo. Ua la vanila nje ya kwao Meksiko inabidi lichavushwe kwa mkono, ua moja moja, kwa kijiti, kwa ufundi uliogunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius. Ukilijua hilo hutalaumu bei. Ganda moja linatosha chupa ya 750. Lipasue kwa urefu kwa ncha ya kisu, uone zile mbegu ndogo kama vumbi la mkaa, lizamishe lote. Wiki moja. Ile vanila ya kichupa cha maduka ya keki weka kwenye keki.

Martini yenyewe, dada, si mzee kama jina lake linavyotaka uamini. Aliyeitengeneza ni Douglas Ankrah, mhudumu wa baa wa London mwenye asili ya Ghana aliyefariki mwaka 2021. Aliitoa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jina alilolipa silitamki mbele ya wakwe zako, kwa hiyo sisi tuiite ya pasheni. Kwa mtu mmoja: mililita 50 za vodka yako ya vanila, nyama ya pasheni mbili zilizokunjamana (iliyokunjamana ndiyo tamu), mililita 15 za maji ya ndimu, mililita 20 za shira. Shira ni ileile unayoijua ya kaimati ila nyepesi: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, moto mpaka sukari iyeyuke, usiiache inate. Tia vyote kwenye sheka (chombo cha kutikisia kokteli), jaza barafu, tikisa kwa nguvu kwa kuhesabu mpaka kumi na tano, mpaka chuma kinakuuma vidole kwa baridi. Mimina kwa kupitisha kwenye chujio la chai. Utaona povu la rangi ya yai linapanda juu lenyewe. Ongeza nusu ya pasheni iliyokatwa ielee. Ankrah aliiwekea na glasi ndogo ya shampeni pembeni. Divai nyeupe yenye gesi iliyopoa inatosha, na isipokuwepo hakuna atakayeilalamikia.

Kama huna sheka, chupa ya kuchanganyia unga wa protini inafanya kazi, au chupa ya jemu yenye mfuniko usiovuja. Kama huna jiga, kile kikombe kidogo cha kupimia, kijiko cha chakula ni mililita 15. Glasi za pembe tatu zinapendeza kwenye picha lakini zinamwagika mkononi mwa mgeni akicheka; glasi ndogo za divai zilizolala friza nusu saa ni bora zaidi.

Wakali watakwambia hiyo si martini. Kusema kweli wana hoja. Martini ya asili ni jin na vermuti kavu basi, pamoja na zeituni au ganda la limau, na vermuti ni divai iliyoongezewa nguvu na kulowekwa majani na magome machungu. Maana yake ndani ya martini ile ya wakali kuna kinywaji kilicholowekwa tayari, na jin nayo hupata ladha yake kwa mbegu za mreteni. Kilichofuata ni kwamba miaka ya 1990 baa za Marekani zilianza kuita martini chochote kinachokaa kwenye glasi ile, kuanzia tufaha mpaka chokoleti. Kwetu mkanganyiko ni mwingine kabisa: ukiagiza martini baa nyingi unaletewa glasi ya vermuti ya kampuni ya Martini ya Torino, Italia, yenye barafu. Si kosa la mhudumu. Jina ndilo hilo limeandikwa kwenye chupa.

Ningependa siku hiyo uwe na moja ya namna ya zamani kwa ajili ya yule mgeni asiyependa vitamu, na kila sherehe inaye. Chukua malimau matatu yaliyooshwa kwa maji ya moto kuondoa dawa na nta, menya ganda kwa kisu kikali, njano tu. Ule utando mweupe chini yake ndio uchungu wote. Ukipindua ganda ukaona weupe, ukwangue. Loweka kwenye nusu lita ya jin siku tatu. Kisha mililita 60 za hiyo na 10 za vermuti kavu, juu ya barafu nyingi, unakoroga kwa kijiko kirefu nusu dakika, unachuja. Hii hutikisi. Kanuni ya kaunta ni kwamba yenye juisi inatikiswa ili ipate povu, isiyo na juisi inakorogwa ili ibaki angavu kama maji ya kisima. Ikipata wingu kidogo baada ya kukutana na maji ya barafu, usiogope, ni mafuta ya limau yamekosa pa kukaa. Na chupa ya vermuti ikishafunguliwa inakaa friji, ni divai ile. Nimeona chupa zimekaa rafu ya juu tangu uchaguzi uliopita, na mwenye baa anashangaa kwa nini martini zake zina ladha ya karatasi.

Na kwa kuwa uko Kilimanjaro itakuwa aibu usiwe na ya kahawa. Gramu 50 za punje za arabika zilizokaangwa, nzima bila kusaga, kwenye nusu lita ya vodka, saa 24. Hapo mililita 50 za hiyo, kikombe kidogo cha kahawa chungu nzito iliyopoa, mililita 20 za shira, tikisa kama vile una ugomvi nayo. Mwanzilishi wa kinywaji hiki ni Dick Bradsell, London, miaka ya 1980. Yeye alitumia likya (pombe tamu) ya kahawa ya dukani. Yako itakuwa kavu zaidi na, kwa maoni yangu, nzuri zaidi. Usiitoe baada ya saa nne usiku kama kesho yake ni kazi.

Kitu kinachoharibu martini nyingi za nyumbani kuliko pombe mbaya ni barafu. Kokteli iliyotikiswa inaongezeka karibu robo kwa maji ya barafu, kwa hiyo barafu ni kiungo kama vingine. Ile iliyogandia kwenye mfuko jirani na perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu itakupa martini ya perege. Gandisha maji yaliyochemshwa, kwenye chombo chenye mfuniko, siku mbili kabla, na ugandishe mengi kuliko unavyodhani. Watu kumi wanamaliza kilo tano bila kujitambua.

Na wahesabie. Glasi moja ya hizi ina nguvu ya toti mbili, na zinashuka kama juisi. Weka karanga, mishikaki, ndizi za kukaanga, weka jagi la maji mezani, na uwe na namba ya dereva mmoja asiyekunywa. Tengeneza jagi la pasheni, ndimu na shira ya vanila kwa wasiotumia kilevi, watikisie kwa sheka ileile ioshwe tu, wapate povu lao. Jambo ninalokuomba zaidi ya yote ni kwamba kila chupa uiandike jina, tarehe na neno POMBE kwa herufi kubwa. Nanasi angavu kwenye friji ni juisi machoni pa mtoto wa miaka sita, na ladha yake haitamshtua mpaka ameshameza.

Limau loweka siku nne kabla ya sherehe, kahawa siku mbili, tangawizi siku tatu. Nanasi lipe wiki kamili ukihesabu na siku ya kutua. Karafuu, kama bado unazipenda, nne tu, kwenye chupa yake, jioni moja kabla. Vanila ianze leo, na ganda ukilitoa usilitupe: lifute, likaushe, litumbukize kwenye kopo la sukari.